Simu Niliyopiga Kumshtaki Bhoke

Jumatatu, 3 Machi
Bhoke tena. Mimi Lameck ndiye wa kipindi cha asubuhi, sauti inayojulikana kuanzia Makoko hadi Bunda. Lakini leo Isidori, mkurugenzi wa redio yetu, kamsifu Bhoke mbele ya wote. Kipindi chake cha afya ya akina mama kinapigiwa simu hadi kutoka Butiama. Mimi wananipigia kuuliza kama Bhoke yupo.

Jioni nikamsikiliza nikiwa kwa kinyozi. Anaeleza saratani ya mlango wa kizazi. Viungo anavitaja kwa majina, bila kumung'unya. Wanaume wakatazama chini, ila hakuna aliyetoka. Anaijua kazi, nakubali. Lakini kanuni za utangazaji zinakataza matusi. Nimepata wazo.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga simu kwa wasimamizi wa utangazaji. Nikabana pua, nikajiita Mzee Stanislausi, mkulima wa pamba Bunda. Nikasema wajukuu wangu wamesikia maneno machafu redioni. Nikapendekeza muda wa Bhoke apewe kijana mwenye maadili, kwa mfano yule Lameck wa asubuhi. Dada aliyepokea alisikiliza kwa adabu. Kazi safi.

Ijumaa, 7 Machi
Isidori kasimamisha kipindi cha Bhoke mpaka maofisa wa utangazaji waje kuchunguza. Muda nimepewa mimi. Nikafungua simu za wasikilizaji. Akapiga mama mmoja wa Bugwema, Anastazia, anamtaka Bhoke. Kumbe kile kipindi ndicho kilichomfanya aende kupima. Wakamkuta na dalili za mwanzo, wakamtibu, amepona. Sasa jirani yake naye anataka kujua aende wapi. Nikaweka muziki. Chakula cha jioni nimempa paka. Nadhani ni wale samaki furu, hawakukaangwa vizuri.

Jumanne, 11 Machi
Maofisa wamekuja. Mkubwa wao anaitwa Mama Prudence, mtulivu kweli. Akamuuliza Bhoke kwa nini anataja viungo waziwazi. Bhoke akajibu.

"Mama, mwanzoni nilikuwaga nasema 'kule chini'. Wanawake wakaenda wakapimwa tumbo, wakarudi nyumbani wamefurahi. Nikitaja jina lake, wanajua waombe kipimo gani."

Mama Prudence akasema kumfundisha mtu mwili wake si uchafu. Uchafu ni kuufanyia mwili mzaha mbele ya watoto. Nimependa alivyosema. Nikatikisa kichwa kukubali.

Kisha akawasha kipande cha redio. Kichekesho changu cha bwana harusi na chaga za kitanda, kilichotoka saa moja asubuhi, watoto wakiwa njiani kwenda shule. Chumbani hakuna aliyecheka. Kikafuata simu ya Mzee Stanislausi. Sikumbuki kuimalizia hivyo, lakini yalisikika wazi maneno yangu ya kila asubuhi hewani: "Usibanduke, tunarudi punde."

Isidori akasema nikusanye vitu vyangu. Bhoke ndiye aliyemzuia.

"Bosi, usimfukuze. Aombe radhi hewani. Sauti anayo nzuri, tatizo ni anachosema nayo."

Nimemfanyia vile, naye kasema hivyo. Nilishindwa kumtazama usoni. Na kweli sauti ninayo nzuri. Kipindi chake kimerudi leo leo, na cha kwanza alichosema ni jirani wa Anastazia aende wapi.

Jumatano, 12 Machi
Nimeomba radhi hewani. Nilijiandaa. Nikashusha sauti, nikanyamaza kidogo baada ya neno "wazazi". Bhoke, nyuma ya kioo, akanionyesha dole gumba. Simu zikamiminika. Anastazia kasema amenisamehe. Mzee mmoja wa Bunda, wa kweli huyu, amelia. Isidori kakiri kipindi changu hakijawahi kupigiwa hivyo.

Nimewaza jioni nzima. Watu wanapenda kuombwa radhi. Kwa hiyo kila Jumatano nitakuwa na kipindi kipya: Lameck Anaomba Radhi. Kinachohitajika ni kosa moja kila Jumanne.

La wiki ijayo ninalo tayari.