Hadithi Tatu, Sahihi Tatu

Habari ililetwa na Redio. Jina lake ni Wamalwa, lakini pale kwenye benchi la kahawa la Jamilah, Katwe, mtu anayesoma simu kwa sauti kabla hajasalimia hawezi kubaki na jina la babake.

"Sikieni," alisema, akizishinda nyundo za wagonga mabati. "Chuo kimoja ng'ambo kinaita wanafunzi wa fasihi, hata wasiomaliza digrii. Wiki nane za kiangazi, wanafanya utafiti."

"Utafiti wa fasihi," alisema Ondiek, mchomea mageti, ambaye sisi tunamwita Injinia. "Kwani imepotea?"

"Wanatafiti hadithi, ssebo," Redio alimjibu. "Nani alisimulia, alimsimulia nani, kwa nini watu walicheka."

"Wiki nane kujua kwa nini watu walicheka. Mimi geti la kanisa nilimaliza siku tatu."

"Ya nne likaanguka," alisema Jamilah, akimimina kahawa. Hakuinua macho.

Mzee Kamis alirekebisha kofia yake ya kijani, ile iliyompa jina la Afande. "Mimi nashindwa hapo kwenye kiangazi. Kampala hii kiangazi kinaingia na kutoka mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Wanataka kipi?"

"Cha kwao, mzee," alijibu Nafuna kutoka nyuma yetu.

Nafuna anasoma fasihi, mwaka wa pili. Wiki tatu amekaa nasi, simu yake ikirekodi. Leo alikuwa na bahasha.

"Na mimi naomba nafasi hiyo hiyo," alisema. "Maombi yanafungwa leo saa sita mchana. Hadithi zenu nimeandika zote: babu na sufuria ya jenerali, geti lililokataa kufungwa, na marehemu aliyepanda boda akakataa helmeti."

"Basi tumeingia chuo kikuu," alisema Redio. "Umetuandikaje?"

"Mshiriki wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu. Utaratibu unataka majina yafichwe."

Vikombe vilishushwa.

"Wa Tatu ni nani?" aliuliza Afande polepole.

"Ni wewe, mzee."

"Babu yangu alipigana Burma, akarudi na sufuria ya jenerali kichwani, halafu mjukuu wake aitwe wa Tatu? Andika jina langu lote, binti. Na cheo."

"Langu weka na namba ya simu," alisema Injinia. "Wazungu nao wana mageti."

Nafuna alipumua. "Kumbe mmenirahisishia." Akatoa karatasi tatu. "Hizi ni fomu za ridhaa, zinafungiwa kabatini. Humu ndimo jina halisi linaandikwa. Jina, kazi, kitambulisho, siku na saa tuliyozungumza, halafu sahihi. Bila hizi, hadithi zinatolewa na mimi sina maombi."

Injinia alivuta fomu moja karibu.

"Siku gani hiyo?" aliuliza Injinia.

"Jumanne ya juzi, saa nne asubuhi."

"Jumanne ya juzi nilikuwa mgonjwa. Bosi alinitumia hadi maziwa."

"Na mimi nilikuwa kwenye mfungo kanisani," alisema Redio. "Muulize mke wangu. Niandike kwa mkono wangu kwamba nilikuwa hapa na chapati?"

Nafuna alimgeukia Afande. Mzee aliisogeza fomu mbali, akaileta karibu.

"Hapa kwenye kazi..."

"Andika mwanajeshi mstaafu," alisema Nafuna.

"Wataangalia?"

"Sijui, mzee."

"Pale kambi ya Makindye nilikuwa getini."

"Nje ya geti," alisema Jamilah. "Na beseni la mandazi."

"Jeshi zima lilikula kwangu," alisema Afande, akairudisha fomu.

"Bambi, tafadhali, ni sahihi tu." Sauti ya Nafuna ilikuwa imeanza kukonda. "Sasa hivi mlikuwa mnataka vyeo."

Redio alipokea simu ambayo hatukuisikia ikilia. Injinia alikumbuka geti.

Jamilah alifuta mikono kwenye leso. "Lete hapa. Zote tatu."

"Mama, anatakiwa msimuliaji mwenyewe."

"Ndiyo maana nasema lete. Sufuria ni ya babu yangu, hiyo hapo jikoni, ndiyo inayochemsha kahawa yenu. Geti lilikuwa la kwetu. Huyo marehemu wa boda ni shemeji yangu, na hakuwa amekufa, alikuwa amelewa. Hawa niliwasimulia siku za mvua. Chumvi ndiyo yao."

Afande aliitazama sufuria kama ndugu aliyeenda polisi kutoa ushahidi dhidi yake.

"Basi itabidi niandike upya," alisema Nafuna. "Nani alisimulia, nani alichukua, nani aliongeza nini."

"Una saa moja na nusu. Kaa, nakupa ya kwanza kwa ufupi." Jamilah alitia sahihi mara tatu. Kwenye kazi aliandika: kahawa. Kwenye saa aliandika: zote.

Dakika arobaini baadaye Nafuna alimaliza kuandika, akafunga bahasha. "Na nikufiche kwa jina gani, mama?"

Jamilah alimtazama mzee Kamis kuanzia kofia.

"Niite Afande."

"Na yeye?"

"Yeye awe Jamilah. Vikombe vinamsubiri."

Nafuna aliondoka mbio kutafuta intaneti ya kutuma maombi. Mzee alivua kofia, akainama kwenye beseni la vyombo, na baada ya kuosha vikombe vinne akauliza kwa sauti ya chini kama sufuria ya jenerali nayo inaoshwa kwa majivu au kwa sabuni.