Nimempisha Mama Mkwe Mbele ya Ukumbi Mzima

Leo sina uso. Naandika haya nikiwa chumbani kwangu hapa Mukuyuni, mlango nimefunga kwa komeo na bado nimeuegemezea kiti.

Wa kulaumiwa ni rafiki zangu wawili, Kioko na Ndinda. Walinialika Kibwezi tukaone "drag show", nami nikakubali upesi nikidhani ni mashindano ya pikipiki. (Mimi ni fundi wa pikipiki, mniwie radhi.) Ndinda alinieleza baadaye kwamba ni wanaume wanaovaa rinda, wanajipodoa, wanaimba na kuchekesha watu. Nilitamani kuona. Pia niliogopa, na sababu ninayo.

Jumamosi ijayo napeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea, kwa kina Mwende, mchumba wangu. Wakipokelewa, Mwende ni mke wangu. Wakikataliwa, nitarudi nao nyumbani nikiwa nimewashika kamba. Mamake ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na kuna mchumba wa kwanza wa Mwende aliyefukuzwa naye kwa kuonekana tu akicheza pool. Kwa hiyo nilimwambia Mwende naenda Kibwezi kwa semina ya vitunguu.

Tuliketi nyuma kabisa. Kofia nilishusha hadi kwenye nyusi. Kila aliyeingia nilimkagua kama askari wa getini.

"Relax bana," Ndinda akaniambia. "Huku nani atakujua?"

"Mungu," nikamjibu.

Wawili wa kwanza walikuwa wazuri kweli. Mmoja alivaa viatu virefu ambavyo mimi nisingeweza hata kusimama navyo. Nikacheka, nikasahau woga, nikaagiza soda.

Halafu wa tatu hakutokea jukwaani. Mlango wa nyuma yetu ulifunguliwa, akaingia mama mkwe.

Nasema mama mkwe. Rinda lile la kijani ambalo fundi alikosea akaweka mfuko mmoja tu, upande wa kushoto. Kiondo alichosuka mwenyewe. Mwendo wa kuegemea kidogo kulia, na uso ni ule ule. Nilijua kuna mtu ameniona akaenda kusema.

Kwa msiojua, sisi Wakamba tuna nthoni. Mkwe hampi mama mkwe mkono, haketi karibu naye, na wakikutana njiani anampisha hata kama ni kuingia kwenye miiba. Nimelelewa hivyo. Miguu haikuniuliza kitu. Nilisimama, nikavua kofia, nikarudi nyuma hadi ukutani, macho chini.

Ukumbi ukaangua kicheko. Walidhani nimelipwa kuigiza.

Mama akanigeukia. Nikaruka kiti. Akanifuata. Nikaruka kingine, nikamwaga soda ya mtu, nikajikuta nimebanwa kati ya spika na ukuta.

"Wewe kijana, unaenda wapi?" Sauti ilikuwa nzito kuliko kawaida. (Nilidhani ni hasira.)

Nikapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Hakuna semina. Kitunguu sijaona hata kimoja. Mwende hajui chochote, nimemdanganya. Mbuzi nimeshawatafuta, tafadhali msiwakatae."

Yote hayo kwenye maikrofoni, kwa sababu alikuwa ameishika mbele ya mdomo wangu. Watu walilia kwa kucheka. Simu zote zilikuwa juu, ya Kioko ikiwa ya kwanza.

Mama hakucheka. Aliinama akafunika maikrofoni kwa kiganja.

"Mutua? Ni wewe?"

Nikainua macho. Chini ya poda kulikuwa na ndevu. Alikuwa Musyoka, kaka yake Mwende, ambaye kwao wote wanajua anauza misumari kwenye hardware hapo Kibwezi. Rinda alikuwa amelichukua nyumbani akisema analipeleka kwa fundi libadilishwe zipu.

"Usiambie mathe," akaninong'oneza.

"Na wewe usimwambie."

Tulikuwa wanaume wawili wazima tunaomwogopa mwanamke mmoja ambaye hata hakuwepo. Kisha akanyooka, akawaambia watu, "Huyu mkwe nimemkubali," na wakapiga makofi hadi mabati yakalia. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimelowa jasho, na Ndinda hakuweza kuongea kwa kucheka.

Nilifikiri yameisha. Nimefika nyumbani saa kumi na mbili jioni, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ni mama mkwe. Huyu mama hajawahi kuniandikia hata siku moja, kila neno lake hunifikia kupitia kwa Mwende, kwa sababu ya ile ile nthoni. Ametuma video. Mimi niko magotini, picha safi kabisa. Nilikaa dakika kumi kabla ya kusoma alichoandika chini yake.

"Mwambie Musyoka alete rinda langu kabla ya Jumamosi. Anataka nipokee mbuzi nikiwa nimevaa nini?"

Nimesoma mara tisa. Nadhani nimekubaliwa, lakini kiti bado kiko mlangoni. Atakayecheka acheke polepole, maana sijui huyu mama anawajua wangapi humu.