Gari Lisiloshuka Bei

Lile gari jekundu lilikuwa limekwama juu ya dodani karibu na soko la Kamembe, tumbo limelalia tuta hilo, magurudumu ya mbele yanazunguka hewani. Watu wote walicheka isipokuwa Delphin Mukengere. Yeye alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Wanaomfahamu wanajua kwamba Delphin akifuta miwani, kuna mtu mjini anayekaribia kuagana na fedha zake.

Delphin ni komisioneri, yaani mtu wa katikati, anayeuza asichokuwa nacho kwa mtu asiyekihitaji. Kazi halali kabisa, ukimuuliza yeye.

Mwenye gari, kijana wa Bukavu aitwaye Christophe-Aimé, alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara karibu kulia. Gari la mbio, viti viwili, linanguruma vizuri, lakini lilivyo chini hata ganda la ndizi linalizuia.

"Petit, mudogo yangu, unaomba ngapi?" Delphin aliuliza.

"Papa, nipe milioni tatu tu. Nimechoka kusukumwa na bantu kila dodani."

Milioni tatu ndiyo iliyokuwa akiba yote ya Delphin, na ilikuwa ya harusi. Jumamosi ya wiki iliyofuata alitakiwa kwenda kwa Mzee Ndayisaba kumposa binti yake, Micheline. Ng'ombe wanne wa mahari walikwisha tolewa na baba yake mdogo, wanajilia majani wakisubiri siku yao. Mzee alikuwa amesema wazi kwamba anataka ng'ombe, si maneno, kwa sababu maneno ya Delphin aliyafahamu. Na tumpe haki yake: Delphin alimpenda Micheline kweli. Lilikuwa jambo pekee maishani ambalo hakulitafutia komisheni.

Akalinunua gari, akaanza kutafuta mtu wa kulibeba. Hakwenda mbali. Maman Nzigire, tajiri wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, alikuwa na fedha nyingi na hofu moja tu, nayo ni kitu kupoteza thamani.

"Maman," Delphin alimwambia kwa sauti ya mchungaji, "sambaza ya asubuhi, magaribi inakuwa ya paka. Si kweli?"

"Ni kweli, Papa."

"Gari ya kawaida njo vile vile. Unaitosha leo ndani ya duka, unaondoka nayo, kesho nusu ya bei imekufa. Lakini gari ya sport haishukake bei! Juu ya nini? Juu iko moya. Bantu banaitafuta, habaipate. Kila mwaka inapanda. Ni sawa shamba, lakini shamba yenye kukimbia."

Akampakia, akamtembeza kwenye barabara ya uwanja wa ndege, nenda rudi, nenda rudi, kwa kuwa ndiyo pekee aliyoweza kuiamini. Maman Nzigire alishika kilemba chake kwa mikono miwili akapiga kelele za furaha.

Waliporudi sokoni walimkuta bwana mmoja wa suti nyeusi anawangoja. Alijitambulisha kuwa mfanyabiashara wa Kigali na kusema atatoa milioni tano na nusu papo hapo. Bwana huyo kwa jina la nyumbani ni Muhire, na suti ilikuwa ya kukodi, ile wanayovaa wasimamizi wa harusi. Delphin alikuwa amemfundisha maneno yote mapema. Jambo moja tu hakumfundisha. Maman Nzigire, kwa heshima ya mgeni, alimkaribisha sahani ya sambaza za kukaanga, naye Muhire akazila zote, na vichwa na mikia, akalamba na chumvi iliyobaki.

Maman alimtazama mpaka sahani ikaisha. Halafu akasema, "Basi natoa milioni sita."

Delphin alikwenda nyumbani anaimba. Mara mbili ya fedha yake! Siku ile Micheline alinunuliwa viatu, na Muhire akapewa sehemu yake, ndogo kama kawaida ya washirika wasaidizi.

Mtego bila chambo haunasi, wahenga walisema, na kumbe wahenga wana mashemeji. Siku ya tatu, mtu mnene mwenye kofia ya majani na miwani ya jua alibisha kwa Delphin. Aliitwa Elikia, akasema ni meneja wa mwanamuziki mkubwa wa Bukavu.

"Nimesikia kwako kuko gari moya nyekundu ya sport. Star yetu anaitaka kwa klipu. Tulitafuta Goma, tulitafuta Uvira, tulikosa. Nalipa milioni kumi."

Moyo wa Delphin uliruka. "Iko, iko! Lakini ninaiweka mahali pa salama."

"Leo jioni naipata?"

"Leo jioni, Papa."

Elikia akachomoa laki mbili, akazitia mkononi mwake kuwa arabuni. Fedha taslimu, zenye harufu ya fedha. Delphin hakufuta miwani. Angeifuta, pengine angeona.

Alimkuta Maman Nzigire uani kwake. Gari lilikuwa kivulini nusu, juani nusu, na kwenye ile nusu ya juani sambaza zimetandazwa zinakauka.

"Maman, roho inanisumbua," Delphin alianza. "Hii gari haikufae. Nakurudishia milioni sita yako yote."

Maman aligeuza samaki wake taratibu. "Papa Delphin, ulinifundisha nini? Gari ya sport haishukake bei. Inapandaka. Siku tatu zimepita."

"Milioni saba. Ile moya ya juu nitaileta kesho."

"Na sasa inakaushaka samaki. Hiyo zamani haikukuwa nayo."

"Maman, sina zaidi!"

"Uko na ngombe ine kwa baba yako mudogo."

Delphin akafumba macho. Alimwona Micheline na viatu vyake. Kisha akaiona ile milioni kumi, nayo ilisimama mbele ya Micheline ikamziba. Kwa milioni kumi angenunua ng'ombe wengine kabla ya Jumamosi, na nyasi zao juu yake. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini mwenye pupa mwenyewe huwa wa mwisho kuambiwa. Akaazima kidogo kuziba pengo la viatu na la Muhire, akatoa milioni sita na ng'ombe wanne, akaondoka na gari linalonuka ziwa.

Jioni simu ya Elikia haikupatikana. Kesho yake pia. Ijumaa Delphin alifika sokoni kumlilia Maman Nzigire, akamkuta Elikia nyuma ya mizani, amevaa aproni, anapima samaki.

"Ni shemeji yangu," Maman alisema. "Anaimbaka kwa korali. Uongo kidogo tu njo anajua."

"Maman, ulijua tangu lini?"

"Tangu ule muntu ya suti. Bageni ba Kigali, bote nalishaka hapa, banatoshaka kichwa ya sambaza kwanza, banaitupa. Ule alikula na macho yake. Nikasema, huyu ni mutoto ya hapa Kamembe. Ile laki mbili ubaki nayo. Ni mchango yangu ya harusi."

Jumamosi, basi, Delphin alikwenda kuposa na kitu alichokuwa nacho. Gari lilikwama dodani ya mwisho, akamalizia kwa miguu, jasho linachuruzika. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kaa. Micheline alisimama mlangoni na viatu vipya.

"Ngombe ziko wapi?" Mzee Ndayisaba aliuliza.

Delphin akaeleza kwamba ameleta gari, thamani yake zaidi ya ng'ombe wanne.

"Niambie mbele ya bantu," Mzee akasema. "Hii gari inashukaka bei?"

Maman Nzigire alikuwa amealikwa, amekaa mstari wa mbele, fanta mkononi. Delphin akisema inashuka, amejitangaza mwizi mbele ya ukoo wa mchumba wake.

"Haishukake, Mzee. Inapandaka."

"Vizuri sana! Basi haraka ni ya nini? Iache ipande. Ikifika bei ya ngombe munane, urudi."

Wazee walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Micheline hakucheka. Alivua viatu, akaviweka pembeni ya mlango, akaingia ndani. Ilimuuma Delphin, wala si ndani ya mfuko.

Gari sasa limesimama uani kwake. Kuku wanatagia kiti cha dereva. Juzi Micheline alimtumia ujumbe mfupi: "Ngombe moya ya Maman Nzigire imezala." Hakuongeza kitu.

Ukipita hapo, Delphin atakuapia kwamba gari lake halijashuka bei hata faranga moja. Mwamini, kwa mara hii tu. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeiuliza.