Malalamiko ya Kitanda cha Dirishani Dhidi ya Kidonge cha Shemeji

Ndugu Daktari Bingwa wa Moyo,

Natumaini barua hii itakukuta moyo wako ukidunda wenyewe, bila kusukumwa. Mimi ni yule kinyozi wa kitanda cha dirishani, uliyenipa sindano ya kuzuia damu isigande. Kwenye kitanda cha mlangoni yupo kaka wa mke wangu, fundi cherehani. Mshtuko wa moyo ulitupata wiki ile ile, nadhani aliniiga. Katika utafiti wenu wa kulinganisha dawa tukagawanywa kwa kura, shemeji akaangukia kidonge kipya cha kazi hiyo hiyo. Kwa heshima na taadhima, nalalamika:

1. Sindano inachomwa tumboni. Tumbo langu limejaa mabaka ya zambarau, na shemeji ameitangazia wodi nzima kuwa ni kitambaa cha pazia. Wauguzi walicheka. Nami nilicheka, kifua kikauma.

2. Kidonge chake anakimeza kwa madaha huku akinitazama. Mke wangu, aliyekuja kuniona mimi, akamsifu kwa kumeza vizuri.

3. Mashindano hayana haki. Damu yangu ni ya kinyozi: imezoea wembe, inaganda upesi ili kazi iendelee. Ya kwake ni nyepesi tangu utotoni, kama ahadi zake kwa wateja. Yeye amepewa mteremko, mimi kilima!

4. Hivyo naomba sindano itangazwe mshindi sasa hivi, kabla ya matokeo. Kusema kweli, daktari, naogopa. Naogopa kufa kwa bahati mbaya ya kura, kisha shemeji anikatie sanda siku hiyo hiyo, yeye ambaye suruali yangu imemshinda tangu mwaka jana.

5. Ikishindikana, tubadilishane dawa. Ikishindikana tena, tubadilishane mioyo. Wangu umechoka kumvumilia.

Nisalimie wauguzi wote, mpishi wa uji usio na chumvi, na ile mashine inayopiga kelele kila nikijigeuza.

Wako mwenye mapigo ya kuhesabika,
Kinyozi

N.B. Nilipokuwa nikitia sahihi, shemeji ametokwa na damu puani, ikakataa kukatika, wakamkimbiza chumba kingine. Nikiuliza, naambiwa nisubiri. Sina wa kubishana naye. Daktari, futa yote hapo juu. Kama sindano ndiyo bora, mpeni yeye. Kama ni kidonge, mwacheni nacho. Mimi nitachukua kitakachobaki. Ila msimwambie, atajivuna.