Jinsi Jina la Fahali wa Kalama Lilivyookolewa Joshoni

Enyi wenye masikio, mliopewa ya kusikilizia na mliopewa ya kuvalia herini tu, sogeeni karibu. Nawasimulia mapambano ya Jumanne ile, katika josho la ng'ombe, birika la dawa ya kupe, lililo bara ya Lunga Lunga, ambapo jemadari asiyekuwapo alishtakiwa, akatetewa, akahukumiwa, na heshima ya fahali mmoja ikawa mashakani tangu asubuhi.

Fahali huyo alikuwa wa Kalama, baba yake Rai, bwana wa mifugo kumi na minne, mvumilivu wa jua na wa wakwe. Kalama alimpenda kupita kiasi, akampa jina la Jemadari Tufani, amiri wa maksai wa vita katika mchezo wa simu uliokuwa umewateka watu wa pande hizo. Ole wake. Juma lile, katika sehemu mpya ya mchezo, Tufani aliuacha Mlima Kengele, akashuka bondeni na jeshi zima, akazingirwa, akafyekwa. Kalama akachekwa hata mnadani. Mkewe, Mapenzi, akatoa amri isiyo na rufaa: jina la mwoga halilali zizini mwake, na Tufani asiposafishwa siku hiyo, fahali ataitwa Kiazi.

Foleni ya josho ikageuka mahakama. Aliyesimama kushtaki ni Syovata, mkulima wa mashamba ya skimu ya umwagiliaji, mshindi wa vita mia tatu vya mchezo huo kwa kidole gumba kimoja.

"Shikamoo, Bi Mwanasha," akamwambia mwangalizi wa josho, aliyekuwa mwamuzi.

"Marahaba, mwanangu. Sema, lakini ng'ombe wanasubiri."

"Mlima ulikuwa wake. Kuta zilikuwa zake. Adui alikuwa chini, apande kwa magoti. Mwenye akili angekaa pale pale amtupie mawe. Huyu akashuka. Baba Rai, huko ni kukimbia, na wewe wajua."

Umati ukaguna kwa kukubali. Kalama akaiweka fimbo yake chini taratibu. Alikuwa na hofu, nami siwafichi. Mtu anayemwona Kiazi mbele ya macho yake hawezi kukosa hofu.

"Majirani zangu, walikaa mlimani siku ngapi?"

"Tatu," akajibu Syovata.

"Na kisima kiko wapi?"

Watu wakakitafuta simuni, wasikione; Kalama akaendelea.

"Maksai mia nane, siku tatu, hawajanywa, na bondeni kuna mto. Upepo ukageuka, wakanusa maji. Nani kati yenu amewahi kumzuia ng'ombe mwenye kiu? Tufani hakushuka. Tufani alishushwa."

Wachungaji wakainamisha vichwa, kila mmoja akikumbuka ua wa jirani ulivyovunjwa na ng'ombe wake, naye akaenda kuomba radhi. Lakini Syovata hakutikisika.

"Hao ni ng'ombe wa simu," akasema. "Hawanywi."

Lilikuwa pigo zito, na Kalama alilipokea kifuani. Hapo Bi Mwanasha akavaa miwani, akaitaka simu ya Syovata, akaikodolea macho kwa muda mrefu.

"Na hili tone jekundu chini ya kila maksai ni la nini?"

Mshindi wa vita mia tatu alikuwa akiliona tone lile kila siku. "Pambo," akasema, sauti ikiwa imepungua.

"Basi rudia vita. Wewe kaa mlimani."

Syovata akakaa mlimani kama alivyonena, asimruhusu hata mpishi kushuka. Siku ya tatu ya mchezo maksai wakaanza kulala chini kwa kiu, magari ya vita yakasimama, na adui akapanda pole pole, bila haraka yoyote, akaichukua ngome. Ilichukua dakika nne.

Syovata akavua kofia. "Baba Rai, nimekosa. Yule hakuwa mwoga. Alikuwa mchungaji."

Machozi yakamlengalenga Kalama, na hakuyaficha. Bi Mwanasha akasimama juu ya ukuta wa josho, akatangaza kwa sauti ya kufikia wa mwisho kwenye foleni: "Jemadari Tufani wa Kalama, aingie."

Fahali akaja hadi ukingoni. Akaitazama dawa, akainusa, akageuka, akapita katikati ya foleni mbio, mkia juu, akatokomea vichakani.

Watu wote wakamgeukia Syovata.

"Hakukimbia," akasema. "Ameona jambo ambalo sisi hatujaliona."

Na iandikwe hivyo, wajukuu wasome: siku hiyo ng'ombe mia mbili na sita waliogeshwa, na mmoja akarudi nyumbani na kupe wake wote na jina lake zima.