Picha ya Ubongo Wangu Irekebishwe

Maneno Shomari, fundi cherehani
Biryogo, Kigali
14 Machi 1988

Kwa Bwana Daktari Mkuu wa Utafiti wa Macho na Ubongo,

Amani iwe nawe, na iwe na mashine yako pia, ingawa mimi na hiyo mashine hatuongei.

Mimi ndiye mzee wa kofia ya kijani mliyemfunga nyaya ishirini kichwani Jumanne iliyopita, mkitaka kujua ugonjwa wa jicho unafanya nini ubongoni. Nilikuja kwa hiari. Nina ukungu kidogo jicho la kulia, na la kushoto lina ukungu wa kumsindikiza mwenzake. Nyinyi mnauita mtoto wa jicho. Sawa, mtoto ni neema. Lakini nina malalamiko, na nimeyaandika kwa mkono wangu bila kusaidiwa na mtu.

1. Gundi. Muuguzi wenu alinibandika nyaya kwa gundi, na nilipovaa kofia, ikanasa. Huu usiku wa sita nalala nayo. Nikitawadha, maji ya kupaka kichwani yanaishia kwenye kofia. Imamu wetu amesema ataangalia kitabuni.

2. Televisheni. Niliwaaga majirani kwamba naenda sinema. Nikaonyeshwa miraba myeusi na myeupe ikibadilishana nafasi nusu saa nzima, bila hadithi, bila hata mtu kupita. Tena kama fundi niliona miraba imepinda upande wa kulia, nikawaambia. Mkatazamana, mkaandika kitu daftarini. Mpaka leo sijajibiwa kama mmeinyoosha.

3. Picha yenyewe. Mlinipa karatasi nene yenye mchoro wa kichwa changu, mkasema kuona kunafanyika kisogoni: penye kazi huwa pekundu, palipotulia huwa buluu. Kisogo changu mkakipaka buluu! Eti macho hayakipelekei habari za kutosha, kimezoea kukaa bure. Bwana Daktari, hicho ni kisogo cha fundi. Hakijakaa bure tangu 1951. Sibomana mchinjaji, mliyempima kama mwenye macho mazima, kisogo chake ni chekundu kama duka lake, na hawezi kutunga uzi hata kwenye sindano ya magunia.

Nimefikiri sana. Kama kuona kuko kisogoni, basi macho ni madirisha tu. Dirisha likiingia vumbi, mwenye nyumba bado yumo. Na kumpasulia mtu dirisha kwa kisu hali mwenyewe yumo ndani ni uvunjaji wa nyumba. Kwa hiyo ule upasuaji wa Jumatatu ijayo mlionishauri siuhitaji. Si kwamba naogopa.

4. Siri. Mke wangu Nyirahabimana alikuwa mlangoni mkinieleza. Kufikia umuganda wa Jumamosi, ile kazi yetu ya pamoja ya kusafisha mtaa, mtaa mzima uliacha majembe ukanitazama kisogo. Mmoja akawaambia wenzake, "Polepole! Ubongo ya Muzee Maneno iko nalala."

5. Hili ndilo kubwa. Kwetu, baba fundi ndiye anayekata kitambaa cha gauni la harusi la binti yake, mbele ya wakwe, kwa bismillahi. Babu yangu aliyekuja na cherehani kutoka Tabora alikata, baba yangu akakata, na mimi nina binti mmoja tu, Mukamana. Nimemshonea tangu nguo ya arobaini. Tulipanga nikate Jumapili ijayo. Sasa mama yake amebeba satini yote kampelekea Gasana wa Gikondo, anayeshona viti vya magari! Ameniambia, "Wewe kata mapazia. Gauni ya mtoto, hapana." Mwanangu ataolewa na mshono wa kiti cha dereva. Nimelia, Bwana Daktari, na machozi yametoka kwenye macho yaleyale mnayosema hayafanyi kazi.

Basi naomba mkipake kisogo changu rangi nyekundu, si lazima chote, kisha mgonge muhuri. Na mashine ije Biryogo imwombe radhi Nyirahabimana, impime na yeye papo hapo, tuone kisogo chake kina rangi gani.

Picha naiambatanisha. Nimeikunja mwenyewe na kuitia kwenye bahasha mwenyewe, mjue macho yangu ni mazima.

Nisalimieni muuguzi wa gundi, na mlinzi wa getini, na yule daktari mrefu aliyesimama pembeni kimya muda wote. Mke wangu anasema lilikuwa kabati, lakini salamu haiozi.

Wenu, mwenye kisogo kilicho macho,
Maneno Shomari

N.B. Mukamana amefungua bahasha kabla haijaenda posta. Nilichowatilia ni karatasi ya kukatia mkono wa gauni. Picha ya ubongo ndiyo niliyoilaza juu ya kitambaa nikakatia. Nilikuwa nimekata shuka kwa siri, nimshonee gauni la majaribio niwaaibishe wote, na sasa mkono mmoja wa gauni hilo una umbo la kichwa changu, kisogo kikiwa begani. Mukamana ameuvaa, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanishika mkono: "Baba, harusi itangoja. Macho yako kwanza." Wakwe wamekubali tusogeze hadi baada ya Idi. Satini imerudi kutoka Gikondo. Picha iacheni na buluu yake. Je, nafasi ya kupasuliwa Jumatatu bado ipo? Naogopa kisu, nasema kweli. Lakini nimekata vitambaa miaka thelathini na saba na hakuna hata kimoja kilicholalamika, basi na mimi nitanyamaza.