Daktari wa Paka wa Kimandolu

Desemba ilikuwa imefika, na Mchaga asiyerudi nyumbani Desemba huulizwa kama yuko jela. Elifuraha wa mtaa wa Ngarenaro alikuwa huru kabisa, ila mikono mitupu. Alikuwa amemwahidi mama yake kule Machame kwamba safari hii angekuja na televisheni, kitu ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kinaingia mjini tangu biashara huria iruhusiwe. Mama naye alishalitangazia kanisa zima.

Alikuwa buchani akimsifia muuza nyama ili apate mfupa, mama mmoja aliposema, "Nipe ini laini la mgonjwa wangu. Paka wangu ana virusi."

Miaka ile neno hilo lilitosha kuvunja harusi. Foleni yote ilirudi nyuma. Elifuraha peke yake akasogea mbele.

"Shikamoo mama. Virusi gani?"

"Marahaba. Vya damu, ile saratani ya paka."

"Hiyohiyo niliyoisomea ng'ambo! Mimi ni daktari wa wanyama."

Ng'ambo yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mto Themi, lakini hakuulizwa.

Mama huyo, Hedwiga, alikuwa mpishi wa bibi mmoja wa Kidenmaki aliyekwenda likizo kwao. Alimpeleka hadi Kimandolu. Mlinzi Parsimei aliwafungulia geti akakaa mbali, maana paka wa virusi hakutaka hata kumwona. Ndani, paka mweupe mwembamba alikuwa amelala mbele ya televisheni ya rangi, zawadi ambayo bibi alimwachia Hedwiga. Elifuraha aliipima televisheni kwa macho, kisha akakumbuka kumpima paka.

"Mnamtunzaje?"

"Hatoki nje, asiwaambukize paka wa watu wala asiokote maradhi mengine. Nyama naichemsha. Kelele hataki."

"Vizuri. Lakini unamuua kwa hii!" Akaionyesha televisheni. "Mionzi, mama. Inakula damu. Itoke leo leo, na iende mbali. Chumba cha pili hakitoshi. Mbali!"

Alishaanza kuchomoa waya. Hedwiga akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Krismasi mbili sijaenda kwetu Rombo! Bibi alisema nisimwache paka ila mikononi mwa daktari. Parsimei! Daktari amepatikana!"

"Televisheni nitaibeba mimi, mama, mpaka Ngarenaro..."

"Ngarenaro ni hapo tu. Umesema mbali. Rombo ndiyo mbali."

Kabla hajaufikia mlango, televisheni ilishafungwa khanga, Hedwiga ameondoka nayo, na Parsimei amefunga geti.

"Fungua, ndugu yangu!"

"Daktari haachi wodi," alisema Parsimei kutoka nje.

Mwanzoni Elifuraha alimchukia yule paka kwa moyo wote. Lakini siku ya Krismasi paka aligoma kula. Elifuraha alimlambisha mchuzi kwa kidole, akimbembeleza kwa Kimachame, na ulimi ule wa kukwaruza ulipomgusa, mjanja wa Ngarenaro alilia waziwazi. Televisheni hata hakuikumbuka.

Mwaka mpya Hedwiga alirudi, amenenepa, na televisheni begani kwa mchukuzi.

"Kwetu umeme haujafika, daktari. Umeniokolea Krismasi yangu. Ichukue, ni yako."

Elifuraha alifungua mlango kidogo tu.

"Shikamoo mama. Mwambie aishushe huko getini, ina mionzi. Na wewe kanawe mikono kwanza. Ongea polepole, amelala."